Kinyago Kwenye Gia

Yasinta, acha unachofanya usome hii.

Kaka Nurdini alikuwa laivu kwenye yale maonyesho ya magari mtandaoni, anaringia Hiace yake aliyoipamba. Watu wanamwaga kopakopa. Akaonyesha kinyago cha mpingo kwenye gia: "Nimechonga mwenyewe!"

Mama Ashiru akaomba kuingia laivu. Shoga, hata shikamoo ya Nurdini hakuitikia!

"Hiyo sura ni yangu. Ashiru wangu ndiye aliyeichonga, akaifunga kwenye gari lake."

Nurdini akakifunika kinyago kwa kiganja.

"Gari lililoteketea naye pale mteremko wa Newala. Wewe ulituambia umefika ukakuta majivu."

Yasinta, na watu bado wanatazama.

"Sasa ulipokuwa unaking'oa, mwanangu alikuwa anasemaje?"