Nukta Mbili Kwenye Jina la Faili

Isiolo, Jumanne

Baba Istahil,

Salaam aleikum. Sisi huku wazima. Istahil ameng'oka jino la mbele na sasa hataki kucheka mbele ya watu.

Mimi kazi imenichosha kabisa. Ile programu yetu ya rekodi za chanjo za mifugo ina majaribio ya kuhakikisha faili zinaandikwa na kusomeka vizuri. Kwenye kompyuta yangu, yenye mfumo wa Linux, yote yalipita. Kwenye zile za wateja, ambazo ni Windows, yakaanguka. Nikamuuliza Ekai, mwenzangu aliyeyaandika. "Kwangu inafanya kazi," akanijibu, akaenda kunywa chai! Kumbe majaribio yake yanatengeneza faili zenye saa ndani ya jina, kama 10:30, na Windows haikubali nukta mbili kwenye jina la faili. Tena ameandika humo folda inayopatikana kwenye kompyuta za Linux tu, kana kwamba dunia nzima inayo. Nimerekebisha moja baada ya lingine mpaka macho yakauma.

Jana mchana yakapita kila mahali. Nilifurahi, nikakupigia wewe kwanza huko Merti. Mwanamke akapokea.

"Denge anaoga," akasema. "Nimwambie ni nani?"

Nikasema nimekosea namba.

Sikukosea. Ukipata barua hii, panda lori la kwanza uje uniambie ana kwa ana. Mtoto nimemwambia una kazi nyingi, na sitamdanganya tena kwa ajili yako.

Ni mimi mke wako, kama bado,
Madina