Maji ya Bondeni na Mfuko Unaovuja

Newala, Ijumaa asubuhi, mwezi wa kumi. Jua limeanza kuchoma tangu saa moja, mvua hata harufu yake hakuna. Nimechoka.

Naandika nikiwa chali kitandani, kwa penseli, maana kalamu ya wino haikubali kuandika ikitazama dari. Dresa, mfunga vidonda wa hospitali, ameniamuru nisiinuke mpaka mfuko uwe umefungwa vizuri. Mfuko wenyewe uko pembeni juu ya kigoda, umeoshwa na kukauka. Juu ya tundu nimeweka kitambaa. Mke wangu, Mama Somoe, ameteremka bondeni kuchota maji, hajarudi.

Wewe daftari unaijua habari yangu tangu mwanzo: utumbo uliojisokota, lori lililonikimbiza hospitali ya misheni upande wa Masasi, na kuzinduka nikiwa na tundu kando ya kitovu. Choo kinatokea hapo, kinaingia kwenye mfuko wa mpira uliofungwa kwa mkanda kiunoni. Niliambiwa nimshukuru Mungu, na namshukuru.

Kinachonichosha si tundu. Ni kuvuja.

Yapata miezi mitatu sasa, pembeni ya tundu pameanza kuvimba. Nikilala uvimbe unaingia, nikisimama unatoka, mkubwa kama chungwa. Pete ya mfuko, ile inayozunguka tundu, inataka mahali bapa pa kukalia. Juu ya uvimbe inanyanyuka upande mmoja, na hapo ndipo uchafu unapopita. Ngozi imechubuka, inawasha kama imepakwa pilipili. Nilidhani mkanda umelegea. Nikakata mpira wa ndani wa baiskeli, nikajifunga juu yake, nikakaza mpaka kupumua kukawa kazi. Ukavuja zaidi.

Jumanne ulivujia barazani.

Mimi ni karani wa baraza, kazi yangu ni kuandika yanayosemwa mbele ya Liwali. Siku hiyo ndugu wawili walikuwa wakigombea mikorosho ya marehemu mjomba wao, kila mmoja na mashahidi wake, kesi ikavutika mpaka saa sita. Nikasikia uvuguvugu unateremka pajani. Liwali akainuka, watu wote wakainuka. Mimi nikabaki nimekaa, rejista nimeikumbatia mapajani kama mtoto mchanga. Miaka kumi na moja nimemwinukia yule mzee. Akanitazama, akasema, "Karani, siku hizi umekuwa mkubwa kuliko baraza?" Watu wakacheka. Nikasema miguu imekufa ganzi. Nilikaa pale mpaka tukabaki mimi na picha ya Malkia ukutani, kisha nikatoka na rejista mbele ya kanzu.

Jana nikapanda lori la korosho kwenda hospitali.

Dresa, Mzee Hilari, ndiye aliyenifunga mfuko wa kwanza kabisa, kwa hiyo simwonei haya. Akanilaza, akanisimamisha, akanikohoza, akaubonyeza uvimbe kwa vidole viwili.

"Hii ngiri, karani. Misuli ya kando ya tundu imeachia. Unabeba nini wewe?"

"Kalamu."

"Kalamu haifanyi hivi."

Akaanza kunawa mikono taratibu, kama mtu asiye na mgonjwa mwingine. Mwishowe nikasema.

Ninabeba maji.

Hapa juu hatuna kisima, na mabomba tunayoahidiwa bado yamelala kando ya barabara. Maji yako bondeni, saa nzima kuteremka, na kupanda ni zaidi ya hapo. Kabla sijaugua, Mama Somoe alikwenda safari moja kwa siku. Baada ya tundu zikawa mbili, ya pili kwa ajili ya vitambaa vyangu, mfuko wangu na udhu wangu usiokaa. Nilimwona shingo inavyotetemeka akitua debe. Nikamwambia aache safari ya pili, nimepata mtu wa baiskeli atakayetuletea. Mtu huyo nilikuwa mimi. Alfajiri nikiaga kwamba nawahi barazani, nateremka bondeni, napanda na madebe mawili, nasukuma baiskeli mlima wote, nayatua nyuma ya jiko. Mwanamume wa huku akionekana anachota maji ya nyumbani kwake, husemwa kalishwa limbwata. Basi nilipita njia za mashambani.

Kadiri nilivyosukuma, ngiri ikakua. Ngiri ilipokua, mfuko ukavuja, vitambaa vikaongezeka, maji hayakutosha. Nikaongeza siku za kwenda. Hiyo ndiyo akili ya karani.

Mzee Hilari hakucheka. Alisema nisibebe kitu kizito kuliko rejista yangu. Mfuko nifungwe nikiwa nimelala, ngiri ikiwa ndani. Pete ikishakaa ufuate mkanda mpana wa kitambaa alionishonea, wenye tundu katikati, ndipo niinuke. Mfuko niumwage kabla haujafika nusu. Na ule mpira niurudishe kwenye baiskeli.

"Ila ukiwa chali huwezi kuona pete inakaa wapi," akasema. "Akufunge mtu. Mama Somoe si yupo?"

"Yupo."

"Ameshaliona tundu?"

Nikateremsha kanzu.

Miezi minane nafunga mlango wa chumba kwa komeo. Vitambaa nafua mwenyewe. Mwanamke niliyeishi naye miaka ishirini na miwili hajaona kilicho chini ya kanzu yangu. Naogopa. Simwogopi yeye, naogopa uso wake mara ya kwanza atakapotazama, kabla hajapata nafasi ya kuutengeneza.

Jana jioni nilimwambia habari ya maji. Nilitegemea ashangae. Aliendelea kumenya muhogo.

"Baba Somoe, nilijua tangu wiki ya kwanza. Wenzangu wa bondeni wamenicheka mpaka wamechoka."

"Mbona hukusema?"

Akaweka kisu chini. "Siku ukileta maji, ukila unanitazama usoni. Siku nyingine unatazama sahani. Ningesema, ungeacha."

Nililia, daftari. Mtu mzima na mvi zangu, mbele ya sinia la muhogo. Nikamweleza habari yote ya ngiri, isipokuwa ile ya kufungwa na mtu.

Asubuhi hii amechukua debe akasema, "Wewe lala tu." Alipotoka nimejaribu mwenyewe kwa kioo cha kunyolea. Mara tatu. Mkono mmoja ukishika kioo, mwingine haujui tena kulia ni wapi. Kila mara pete imekaa kombo, nimeivua.

Baraza linaanza saa tatu. Kesi ya mikorosho inaendelea, na Liwali akiinuka nataka niinuke. Adhuhuri nataka nisimame safuni msikitini. Shehe alishaniambia mwenye udhuru ana ruhusa ya kusali nyumbani, lakini nimechoka kuwa mwenye udhuru. Peke yangu siwezi tena. Nimejaribu kila hila, na hila zangu ndizo zilizonifikisha hapa.

Namsikia. Anaingia uani akipumua kwa mdomo. Debe linatua jikoni. Sasa kimya. Huwa anasimama hivyo karibu na mlango, anasikiliza kama nimetia komeo, ajue aje au asije.

Leo sijatia. Nimeita, "Mama Somoe, njoo ndani unisaidie." Sauti imetoka nyembamba, lakini imetoka, na ameitika.

Naweka penseli chini. Akiingia, nitamtazama usoni.