Kombora Sebuleni na Viatu vya Mkwe

Mpendwa Mshauri,

Salamu na heshima nyingi zikufikie mezani pako.

YAH: OMBI LA UAMUZI KUHUSU MGENI ALIYETOKA NYUMBANI KWANGU BILA KUAGA NA BILA VIATU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi viatu, mume wa mke mmoja na baba wa binti mmoja, msomaji wa safu yako tangu ilipokuwa ukurasa wa nyuma jirani na matangazo ya vifo, na ninakuandikia nikiwa na akili timamu, kwa kalamu yangu mwenyewe, bila kushawishiwa na mtu yeyote, nikiomba msaada wako katika jambo ambalo limenitenganisha na familia yangu na kunifanya nishindie mkate mkavu na chai isiyo na sukari, kwa kuwa sijui sukari huwekwa wapi.

Kwa ufahamu wako, nyuma ya mtaa wetu kuna bonde ambamo majeshi mawili yalipigana zamani za babu zetu, na hadi leo mvua kubwa ikinyesha ardhi ya pale hutapika vitu, yaani vifungo vya sare, maganda ya risasi, sufuria za kambini na visu visivyo na mipini, ambavyo wenzangu huviokota na kuvipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, lakini mimi, ambaye sikufika mbali darasani ila nimejisomea kila gazeti lililowahi kufungiwa bidhaa likafika mikononi mwangu, niliona si haki watu wafe mahali kisha vitu vyao viyeyushwe viwe nondo, nikavikusanya, nikavisugua, nikavipanga sebuleni kwenye rafu niliyoipigilia misumari mwenyewe, kila kimoja na kibao chake cha maelezo kwa mwandiko unaosomeka.

Kitu cha kwanza kabisa kilikuwa buti la mguu wa kushoto, dogo, na nilipoligeuza niliona kwamba soli yake iliwahi kung'oka na mwenyewe akaishona kwa kamba ya turubai, mishono mirefu ya mtu mwenye haraka asiyeijua kazi hii, na sitakuficha, Mshauri, kwamba nilikaa na buti lile mapajani hadi chai ikapoa, kwa sababu najua jinsi soli ya kamba inavyokata unyayo, na mtu yule alitembea hivyo hivyo kwa kuwa pale alipokuwa hapakuwa na fundi.

Kinachobishaniwa, hata hivyo, si buti. Ni kombora.

Kombora lenyewe ni la mzinga, kimo chake hufika gotini, na uzito wake ni wa kumnyamazisha mtu anayejisifu. Ili usije ukanidhania kuwa mtu asiyejali usalama, naomba nitoe ushahidi kwamba limekwisha kufa: nililileta kwa baiskeli likaanguka kwenye tuta, likabingirika hadi mtaroni na halikufanya lolote, binti yangu alipokuwa mdogo alilivalisha gauni na kulibembeleza, mke wangu mwenyewe, ambaye leo anajifanya halijui, kwa miaka mingi ameegemezea mlango kwa kombora hilo hilo siku za upepo na kupondea karanga juu yake, paka huzalia nyuma yake kwa kuwa pana ubaridi, nami kila Jumapili hulipaka dawa ya viatu nyeusi na kulipiga brashi hadi mtu anaweza kujitazama humo akanyoa ndevu. Kitu kilicho hai, Mshauri, kisingevumilia yote hayo.

Sasa naingia katika kiini. Binti yetu amechumbiwa, na baba wa kijana, ambaye ni fundi wa kulipua miamba kwenye machimbo ya kokoto, alifika kwa mazungumzo ya kwanza akifuatana na dada yake, yaani shangazi wa kijana, wakavua viatu mlangoni kwa adabu kama watu wa kwao walivyolelewa, wakakaribishwa, shangazi akakaa kiti cha pembeni na, kwa kukosa meza, akaweka mkoba wake juu ya kombora. Mke wangu alikuwa ndiyo kwanza anaingia na sinia la chai. Mgeni akasimama.

"Fundi mwenzangu," akaniuliza kwa sauti ya chini, "hicho kitu umekitoa wapi?"

"Bondeni," nikamjibu, nikifurahi kwamba ameanzia kwenye utamaduni kabla ya mahari.

"Na huwa unakigusa?"

"Kila Jumapili nakipiga brashi."

Akafumba macho, kisha akamgeukia shangazi. "Dada, inua mkoba wako. Usiuburute. Inua tu."

"Kwani mkoba wangu una nini?"

"Inua, dada yangu, kama unamnyanyua mtoto aliyelala."

Shangazi akainua. Mgeni akamshika mkono, akaniambia kwa upole, "Mkwe, tunaomba ruhusa tutoke tukateme mate," nami nikawaruhusu, ingawa ilinishangaza kwamba watu wawili wa ukoo mmoja washikwe na mate kwa wakati mmoja, na wakatoka kinyumenyume bila kutugeuzia mgongo, jambo ambalo nililihesabu kuwa heshima kubwa mno kwangu hadi nilipochungulia dirishani nikamwona mkwe wangu mtarajiwa yuko mwisho wa mtaa, pekupeku, amemtanguliza dada yake, na shangazi yule mnene anakimbia kuliko pikipiki iliyokuwa mbele yao. Chai ikabaki. Shangazi alikuwa amewahi kuchukua ndara zake. Viatu vya mgeni vilibaki mlangoni.

Jioni alipiga simu, si kwangu mwenye nyumba bali kwa mke wangu, nami nilisikia kila neno kwa sababu simu ya mke wangu husikika hadi kwa jirani.

"Mama, kwanza niambie, mko ndani? Basi tokeni nje ndipo tuongee." Wakatoka. "Kijana wetu anampenda binti yenu, na sisi tunampenda. Tutazungumza popote mtakapotaka, hata kituo cha basi tukiwa tumesimama. Ila nyumba ile, kitu kile kikiwemo, mguu wangu hauingii tena."

Nilijibu kutoka dirishani kwamba kama mguu wake hauingii, viatu vyake vimo tayari. Hakuna aliyecheka.

Mke wangu akaja akasimama mbele yangu. "Fundi, hilo bomu litoke."

Nikamsahihisha kwamba ni kombora.

"Likilipuka litatuuliza tulikuwa tunaliitaje?"

Nikamweleza kwamba baba wa binti hahamishwi sebule yake na mgeni wa siku moja, na kwamba mazungumzo ya mahari kufanyiwa kituoni ni fedheha ambayo ukoo wangu haujawahi kuiona. Binti yangu akaingilia: "Baba, mimi sitaki kuozwa kituoni. Lakini ikibidi nitaozwa kituoni." Hapo pengine mambo yangetulia, lakini usiku huo, nikiwa sina la kufanya, nilivitazama viatu vya mgeni, nikaona kisigino cha kulia kimeliwa upande mmoja na soli inaachia, na mimi kiatu kibovu siwezi kukipita kama wengine wasivyoweza kumpita mtoto anayelia, basi nikavishona, nikabadilisha kisigino, nikavipaka rangi, na kwa kuwa kila kitu kilicho katika nyumba yangu kina mahali pake, nikaviweka rafu ya chini karibu na buti, na kibao: VIATU VYA MGENI. VILIPATIKANA MLANGONI. MWENYEWE ALIKIMBIA.

Mke wangu alikisoma kibao hicho asubuhi. Alikisoma mara mbili. Kisha akakunja godoro, akaita gari la mizigo, akaondoka na binti kwenda kwa mdogo wake, akisema, "Mimi nimechukua la kulalia, wewe baki na la kulipukia." Amesema hatarudi kombora likiwemo, na kwamba mazungumzo yatafanyika kwa mdogo wake, nikitaka nije kama mgeni.

Mshauri, nyumba imekuwa na mwangwi. Jana nimejikuta namsomea paka vibao.

Ili upime mwenyewe hali ya kombora, naambatanisha humu kofia yake ya shaba ya mbele, ambayo ililegea yenyewe wakati naisafisha, pamoja na anwani yangu kamili na maelekezo ya kufika kuanzia barabara kuu.

Kwa heshima na taadhima nauliza: je, mgeni aliyeaga kwamba anakwenda kutema mate na asirudi hapaswi kuwa wa kwanza kuomba radhi? Na je, kombora lenye ushahidi wote huo wa uvumilivu linaweza kubaki, na mke wangu akarudi?

Naomba uamuzi.

Wako mtiifu,
Fundi Viatu, Mtunza Kumbukumbu wa Kujitegemea

JIBU LA MSHAURI

Fundi, kama unalisoma jibu hili ukiwa sebuleni, toka nje. Utalimalizia huko.

Umetoka? Haya. Bahasha yako ilifunguliwa na karani wetu wa barua, mama mtulivu ambaye hajawahi kupiga kelele hata siku mshahara ulipochelewa. Siku hiyo alipiga. Mhariri wangu, anayesema magoti yanamuuma, alifika chini ya ngazi kabla yetu sote, na gazeti la siku ile tumelipanga kwenye maegesho, juu ya boneti ya gari la watu. Ile unayoiita kofia ni sehemu ya kufyatulia mlipuko. Mtaalamu wa jeshi aliyekuja kuichukua aliniuliza kama mwandishi wa barua bado yuko hai. Nikamwambia yuko hai na ana mwandiko mzuri sana.

Nashukuru kwa anwani kamili na maelekezo kuanzia barabara kuu. Nimewapa wanajeshi hao. Wakati gazeti hili linafika mtaani kwako watakuwa wamekwisha kupita, na kama kwa sababu yoyote hawajapita, usilibebe, usilifunike, usilipige brashi ya kuliaga. Waambie majirani wasogee, ukae mbali usubiri. Na usije ukalipeleka kituo cha polisi kwa baiskeli ili kuwarahisishia kazi. Nakujua kwa barua moja tu, lakini hilo nimeliona likija.

Huo ushahidi wako wa uvumilivu niliusoma nikiwa nimeshika ukingo wa meza. Gauni! Karanga! Mkeo nitamwandikia barua yake peke yake, maana mwanamke aliyeponda karanga juu ya bomu hana haki ya kukusema peke yako. Lakini yeye amejua kosa akatoka. Wewe umejua jina sahihi la kombora ukabaki.

Sasa swali lako la adabu. Unataka mkwe aombe radhi kwa kudanganya kwamba anakwenda kutema mate. Mwanamume huyo alikuwa na dada yake amekaa ubavuni mwa kifo, mkoba umelalia juu, mama mwenye nyumba anaingia na sinia, na wewe umesimama katikati unatabasamu. Angepiga yowe, sinia lingeanguka, watu wangegongana mlangoni, na huenda leo mtaa wenu ungekuwa na bonde la pili. Akatafuta uongo mdogo wenye adabu, akamtoa dada yake kama anatoa yai kiotani, na alipofika salama cha kwanza alichofanya ni kupiga simu kuwatoa na ninyi. Huyo unamtaka radhi? Ukipata mkwe wa namna hiyo unafunga mlango kwa ndani asitoroke. Mradi ndani hamna kombora.

Wa kwanza kuomba radhi ni wewe. Utaanza kwa mkeo, nyumbani kwa mdogo wake, na utaingia kama mgeni, hodi na kila kitu. Usimpe hotuba. Mwambie, "Bomu limetoka," na uliite bomu. Kisha muulize sukari iko wapi. Ataelewa maana yake.

Rafu yako siigusi. Wenye utaalamu wakishaikagua, vifungo, sufuria na mengine watakayokuruhusu vihamishie bandani kwako, pale watu wanaposubiri viatu vyao, wapate cha kusoma. Ila bondeni usiokote tena chuma usichokijua. Ukikiona, kiache, weka alama, toa taarifa.

Buti libaki lako, tena lipe nafasi ya mbele. Niliposoma habari za soli ile ya kamba niliacha kucheka, Fundi. Umemhurumia mtu ambaye hukumwona, kwa maumivu ya unyayo ambao umekwisha kuwa udongo. Lakini kuna baba wa watu ametembea pekupeku kutoka mlangoni kwako hadi kwake, juu ya lami ya mchana, na wewe viatu vyake umevishona vizuri kisha ukaviwekea kibao.

Kitoe hicho kibao. Vifunge viatu katika gazeti hili hili, umpelekee leo kwa mikono yako, na ukifika, piga goti umvalishe, umuulize kama kisigino kimekaa sawa. Mahari mtazungumza akishasimama.

Uamuzi wangu ni huo.