Magari Yanayotokea Kushoto

Jumatatu, 3 Machi
Masanja kanifunga tena kwenye gemu ya magari. Anayefungwa ndiye anaosha vyombo, basi nimeosha mimi. Mume wangu anauza matairi, hata leseni hana. Mimi naendesha basi la shule kila siku, Buhongwa mpaka mjini. Iweje anishinde kwenye kagemu haka ka mkononi? Niko mbele, barabara nyeupe, mara paa! Gari limenipita. Sikuliona likija. Nahisi gemu inaniibia.

Jumatano, 5 Machi
Nimechunguza. Wanaonipita wote wanatokea kushoto. Kulia hanipiti mtu. Nikadhani kioo kimekufa upande huo. Masanja kakiangalia, kasema kizima. Akashangaa mbona sitazami ramani. Ramani ipi? Ile ya pembeni, juu kushoto. Nikageuza macho. Kweli ipo. Tangu Krismasi nacheza, sijawahi kuiona. Ajabu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekigeuza kidude juu chini. Ile ramani ikahamia kulia. Nikaiona papo hapo, bila kuitafuta. Kilichopotea sasa ni upande ambao jana niliuona vizuri. Basi kioo hakina ubaya. Mbovu ni mimi.

Nikafunga jicho la kulia, la kushoto nikalikaza katikati ya barabara. Karibu nusu ya kioo haipo. Si giza. Haipo tu. Nimerudia na kurudia, kama mtoto anayechokonoa kidonda. Masanja sijamwambia.

Ijumaa, 7 Machi
Bodaboda, karibu na sokoni. Alikuwa kushoto kwangu. Paulina, matroni wa basi, akapiga kelele, “Dada Rhoda, simama!” Nikakanyaga breki. Watoto wamelia, hakuna aliyeumia. Bodaboda katukana, kaenda zake.

“Hukumwona kweli?” Paulina akaniuliza. “Alikuwa pale muda wote.”

Nikasema jua lilinipiga machoni. Uongo. Kulikuwa na mawingu.

Naogopa. Naipenda kazi hii.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemweleza Masanja yote. Nilitegemea atacheka. Hakucheka.

“Jumatatu twende hospitali. Na hilo basi usiliguse.”

Nimemkasirikia mchana kutwa kwa sababu yuko sahihi. Jioni nikampigia mwalimu mkuu. “Shikamoo, mwalimu. Jumatatu sitaendesha. Macho yangu hayako sawa.” Nikamweleza na habari ya bodaboda. Kaitikia marahaba, kasikiliza. Kisha akanishukuru. Afadhali angegomba.

Jumatatu, 10 Machi
Presha ya macho. Daktari ni mama mpole, haongei haraka. Kasema imekula pembeni mwa macho yote mawili, la kushoto zaidi. Haiumi, ndiyo maana sikujua. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kitalindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha.

Nikamuuliza: kama pale sioni, mbona mimi naona barabara tupu? Nani anaichora? Akatabasamu. Kasema ubongo haupendi pengo, unaliziba kwa kilicho jirani. Nimekuwa nikiendesha juu ya barabara niliyojichorea mwenyewe. Nawaza hilo hadi sasa.

Kuhusu basi hakuzunguka. “Hapana, mama.”

Nimelia kwenye korido. Masanja kanishikia mkoba.

Alhamisi, 13 Machi
Dereva mpya kaanza. Nimesikia honi yake asubuhi, nikabaki jikoni. Mwalimu mkuu kasema watanitafutia kazi nyingine pale shuleni. Sijui kama itapatikana. Matone yanawasha kidogo.

Jumapili, 16 Machi
Bujora, kwa mama mkwe. Tumekaa nje, mimi na yeye, tunachambua mlenda. Akauliza hayo macho yana nini. Nikamwambia yote. Hakutoa pole nyingi. Alinyanyuka, akachukua kigoda chake kutoka kushoto kwangu, akakiweka kulia. Akaendelea na hadithi ya ng'ombe wa jirani. Nikamwona anavyocheka.