Emrys Pritchard na Simu ya Jumapili Asubuhi

Mwaka umetimia juma hili, Emrys, tangu ulipotutoka katika wodi ile ya dirisha linalotazama maegesho ya magari, ukinung'unika kwamba chai yao haina rangi. Mimi mkeo Menna ndiye ninayeandika, kwa niaba ya nyumba nzima. Matangazo kama haya huwa na picha na mistari minne. Binti wa gazeti aliniuliza kwenye simu, "Mama, una hakika unataka nafasi yote hiyo?" Nikamwambia ninayo hakika. Nimenyamaza miaka minne, na mistari minne hainitoshi.

Wapo watakaosoma hapa ambao hawakukujua. Na wavumilie kidogo.

Miaka thelathini ulinadi kondoo hapa Penrhosfa, na sauti yako ilifika mpaka darajani. Wakulima wa mabonde matatu uliwajua kwa majina ya mbwa wao. Mjane akileta kondoo wake wa mwisho, uliuendesha mnada polepole, ukikohoa, ukitafuta miwani iliyokuwa usoni pako, mpaka wanunuzi waone haya na kupandisha bei. Ulidhani hakuna aliyekuona. Mimi nilikuwa nikiuza chai pale kwenye kibanda, na nilikuona kila mara.

Kisha ukagombea ukamishna wa polisi. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo, na watu hawakujua kazi yenyewe ni ya nini. Katika ukumbi wa kanisa letu walikuja wapiga kura kumi na tisa kutwa nzima, na wawili kati yao walikuwa wamekimbia mvua. Ukashinda. Dada yako Eluned akakuuliza, "Sasa ndiyo utavaa kofia ya polisi?"

"Hata filimbi hawanipi," ukamjibu.

Kazi yako ilikuwa kumsimamia Mkuu wa Polisi wa mkoa kwa niaba yetu sisi raia: kumwajiri, kumhoji, kupanga polisi washughulike na nini kwanza. Lakini nani akamatwe na nani aachiwe, hilo halikuwa mkononi mwako, na ulilisema mpaka tukalichoka. Watu walikufuata na faini zao hata kwenye mazishi. Uliwaambia, "Ndugu yangu, mkuu wao naweza kumwajiri. Konstebo siwezi kumtuma hata akaniletee maziwa."

Tena kabla hujaanza kazi ulitakiwa kuapa hadharani kwamba hutaingilia uchunguzi wowote wa polisi. Ulijifunza kiapo hicho jikoni kwetu. Mimi nilishika karatasi, na ulipokosea nilikugonga mkono kwa kijiko cha mbao. Kwa hiyo mtu asiniombee udhuru kwamba sikujua. Nilikijua kiapo kile kabla yako.

Ulihudumu mihula miwili. Ulikwenda kwenye kumbi za vijiji na chupa yako ya chai, ukasikiliza habari za kondoo walioibwa, za mbwa waliorarua wana-kondoo, za wazee waliotapeliwa kwa simu. Mzee Ithel alikuandikia kila wiki kuhusu mabata bukini wa jirani yake. Ofisini walicheka. Wewe ulikwenda kwake, ukakuta jirani hana mabata tena tangu mwaka juzi, ukanyamaza, ukanywa naye chai. Ukawa unapita kwake kila Alhamisi. Na kituo cha polisi cha mji wetu kilipotakiwa kufungwa, ulihangaika miezi kumi na mmoja mpaka kikabaki wazi.

Hilo la kituo ndilo nililokuja kulitumia vibaya.

Jumamosi moja, katika mwaka wa tatu wa muhula wako wa pili, mjukuu wetu Guto alitoka kwenye mechi ya raga akiwa amekunywa. Akaendesha pikapu ya mama yake, akagonga kibanda cha kusubiria basi. Kibanda kilikuwa kitupu, Mungu ni mwema. Polisi wakampima pombe, ikawa imezidi kipimo. Jumapili asubuhi wewe ulikuwa kwa Eluned mnakata kwato za kondoo, na Nerys, binti yetu, alikuwa ghorofani akilia kwamba mwanawe hatapata tena kazi ya zimamoto aliyoiomba. Mimi nilikuwa nimevaa tayari kwenda kanisani, kofia kichwani. Nikanyanyua simu, nikampigia Sajenti Delyth Hopkin pale kituoni.

Nitayaandika maneno yangu kama nilivyoyasema.

"Delyth, hapa ni nyumbani kwa Kamishna. Emrys ameniomba nikupigie. Angefurahi kijana aonywe tu, mambo yaishie hapo."

Kisha akasema kwa upole, "Bi Pritchard, unajua simu hii itabidi niiandike kwenye kitabu cha matukio."

"Andika utakacho, mwanangu. Ila kumbuka ni nani aliyekizuia kituo chako kisifungwe."

Nikakata simu, nikaenda kanisani, nikawafundisha watoto darasa la Jumapili. Tuliimba vizuri siku hiyo.

Ulirudi mchana na matope mpaka magotini. Mkuu wa Polisi alikuwa ameshakupigia njiani. Ulivua buti zako mlangoni, ukanawa mikono muda mrefu.

"Menna, umempigia Delyth?"

"Nimempigia."

"Ukamwambia mimi nimekutuma?"

"Nimemwambia hivyo."

Ukajifuta mikono. "Na kituo ukakitaja?"

"Nimekitaja, Emrys."

Nilingoja ufoke. Ulikaa mezani, ukakata nyama ya kondoo, ukanipa kile kipande cha pembeni kilichokauka vizuri, kwa sababu ndicho nikipendacho. Ningekuwa na moyo mwepesi zaidi leo kama ungenitupia sahani.

Jambo lilipofika kwa kamati ya madiwani, wale wanaomchunguza Kamishna, nilikwambia kwamba nitawaeleza ukweli. Nilisema kwa sauti ndogo, ya mtu anayeomba akataliwe. Ukaniangalia, ukasema, "Ukitaka kusimama useme, Menna, sitakuzuia. Usiposimama, sitakunyooshea kidole. Lipo mikononi mwako." Hukulizungumza tena.

Siku ya kikao niliketi safu ya tatu, mkoba mapajani. Mwenyekiti alikuwa Diwani Hefin Rowlands, mtu wa haki, na aliuliza kama inavyotakiwa. "Kamishna, swali ni moja tu. Ulimtuma mkeo apige simu ile?"

Hukugeuka kunitazama. Ulitazama karatasi iliyokuwa mbele yako, na haikuwa na neno hata moja. Ulifanya hivyo ili macho ya watu yasije kwangu. Ukasema, "Simu ilitoka nyumbani kwangu, kwa jina langu. Atakayewajibika ni mimi."

"Sijakuuliza hilo, Emrys."

"Ndilo nililo nalo, Hefin."

Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Safari hii mnadishaji kajiuza mwenyewe," na watu wakacheka kwa pua. Nilikuwa na nafasi. Kulikuwa na ukimya wa kutosha mtu kusimama, kurekebisha koti lake na kusema maneno matatu. Nilikohoa. Mwanamke wa pembeni akanipa peremende, akanipapasa mkono, akasema, "Pole, mama, wanaume hawa." Nikaipokea. Nikaila. Hiyo ndiyo aibu yangu, Emrys. Kuliko hata simu yenyewe. Simu niliipiga kwa hofu ya bibi kwa mjukuu wake. Peremende ile niliila nikiwa na akili zangu timamu.

Kamati ikaandika kwamba umekiuka kiapo chako. Gazeti hili hili likaandika hivyo kwenye ukurasa wa kwanza, na halikukosea, maana ndivyo ilivyoonekana. Hukugombea tena. Miaka minane ya kumbi baridi na Alhamisi za Mzee Ithel ikafutika, ukabaki kuwa yule aliyemtuma mkewe.

Guto alikiri mahakamani, akanyang'anywa leseni miezi kumi na minne, kama mtu mwingine yeyote. Simu yangu haikumsaidia kitu. Wewe ukawa unamwamsha alfajiri na kumpeleka kazini kwenye kiwanda cha mbao, kwa miezi yote hiyo, mvua na barafu. Anasema hukumhubiria hata siku moja. Siku ya kwanza tu ulimwambia, "Funga mkanda. Huyu ni kamishna wa zamani, hachezi na sheria." Mkacheka mpaka kwenye mzunguko wa barabara.

Mjini hawakuwa wapole hivyo. Buchani, Tecwyn alikuita mbele ya foleni nzima: "Emrys! Nimebandikwa faini ya kuegesha. Utaishughulikia mwenyewe, au nimsubiri Menna apige simu?"

Foleni ikacheka. Nawe ukacheka. "Msubiri Menna," ukamwambia, "mimi sina nguvu hizo. Nipe kilo ya nyama ya kusaga, na usinipimie kidole chako." Nilikuwa nimesimama nyuma yako na kikapu. Garini ulisema tu kwamba nyama ya Tecwyn ina mafuta mengi siku hizi. Miaka mitatu ulikwenda bucha ile ile kila Ijumaa, kwa sababu kuhama bucha kungeonyesha kwamba umeumia, na kuumia kwako kungenifikia mimi.

Hata kwenye mazishi yako, mchungaji alitaja kondoo, akataja kwaya, akataja bustani yako ya vitunguu. Miaka minane akairuka. Alifanya kwa wema, ili asituaibishe. Nilikaa mbele kabisa na nikamwacha airuke.

Mwezi uliopita Delyth alikuja na maua. Kumbe siku ya mazishi alisimama nje ya lango la kanisa kutwa, hakutaka kuingia asije akatuumiza. Nilimkalisha jikoni. Nikamuuliza kama uliwahi kumsema kwa kuiandika ile simu.

"Alikuja kituoni kesho yake baada ya kikao," akasema. "Alisimama mapokezi kama mtu aliyepoteza mbwa. Akaniambia, 'Uliandika vizuri, Delyth. Usingeandika, ungenisikitisha.' Akaondoka."

"Na wewe uliamini kwamba alinituma?"

Akazungusha kikombe chake. "Bi Pritchard, yule mzee aliniambia mara mia kwamba hawezi kunituma hata maziwa. Sikuamini hata dakika moja."

"Mbona hukusema?"

"Niliandika nilichosikia. Nisichosikia hakikuwa changu kukisema," akasema. "Nilidhani mwenyewe atakisema."

Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa akinitazama kama mtu anayemshikia mwenzake mlango. Ameushika miaka minne, maskini, mkono wake umechoka.

Usiku huo niliwaita Nerys na Guto nikawasomea haya, maana jina la Guto limo na ana haki yake. Sasa ni mtu mzima, mke wake ni mjamzito. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Bibi, mimi nililipa langu kwa miezi kumi na minne. Babu analipa bado. Peleka." Nerys alilia, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile hakunipa mkono niushike. Sikumlaumu. Hakuwa akijua. Alidhani baba yake alinituma kwa ajili yake, na miaka yote hiyo alikuwa akikushukuru kimoyomoyo kwa jambo ambalo usingelifanya kamwe.

Basi wasome wote walionunua gazeti hili, na wewe unisikie.

Emrys Pritchard hakunituma. Hakuniomba, hakunidokeza, wala hakujua. Nilitumia jina lake nikijua kiapo chake, nikamtisha askari aliyekuwa akifanya kazi yake, kisha nikakaa kwenye kiti nikamwacha aadhibiwe. Maneno haya haya nimeyapeleka jana kwa Diwani Rowlands kwa mkono wangu, na kuomba yawekwe kwenye kumbukumbu za kamati. Alinipokea mlangoni, akayasoma wima, akavua miwani. "Menna," akasema, "nilimuuliza mara mbili." Nikamwambia najua, nilikuwepo. Darasa la watoto nimemwachia Carys, mwalimu mwenzangu. Ijumaa nitakwenda kwa Tecwyn kama kawaida, nitasimama kwenye foleni, na atakalosema nitalisikia mimi mwenyewe, bila mgongo wako mbele yangu.

Sikuombi unisamehe, kwa maana ulishanisamehe kabla chakula hakijapoa, na mimi nikautumia msamaha huo kama blanketi. Nakuomba tu upumzike.

Wanaokukumbuka ni dada yako Eluned, ambaye bado anasema huwezi kukata kwato. Binti yako Nerys. Mjukuu wako Guto na mkewe Lowri, na mtoto wao atakayezaliwa masika, ambaye ataambiwa babu wa baba yake alikuwa Kamishna, na ataambiwa bila kunong'ona. Sajenti Delyth Hopkin, ambaye leo, kwenye ibada ya kukukumbuka, ataingia ndani ya lango. Na mimi mkeo Menna, niliyepiga simu.

Nyumbani hukusahaulika hata siku moja. Kuanzia leo, Emrys, hata mjini wakukumbuke kwa yaliyo yako, na yangu waniachie mimi.