Muuzaji Asiye na Mwiko

Simu imetetemeka juu ya kifuniko cha sufuria, umeme ukiwa umekatika, nikaruka! Chipasha, ni Bana Katongo, yule mama msimamizi wa kundi letu la simu la kuuziana vitu vya watoto. Amekubali wazo langu!!

Unamkumbuka Evaristo, aliyekula pesa yangu ya kitanda cha Luyando? Siku kumi na tisa tangu nimripoti. Kila nikiuliza naambiwa, "Mama Luyando, ripoti ni nyingi, subiri zamu yako."

Ndipo nikamwambia Bana Katongo, dada, usichunguze wiki nzima. Muuzaji akiripotiwa, mpe dakika kumi aweke mwiko wa kupikia juu ya kitu anachouza, apige picha, atume. Mwenye kitu hashindwi.

Leo kaanza na Evaristo, mbele ya kundi zima. Akajibu, "Samahani mama, sina mwiko."

HANA MWIKO! Lusaka hii! Mmoja akamuuliza, "Kwani nshima unaisonga kwa kidole, baba?" Eti mke wake amesafiri nao. Mwiko umesafiri, Chipasha! Nikaandika, "Umepanda basi gani, tukaupokee?"

Dakika ya kumi akatupwa nje. Ripoti tano juu yake, nyingine zimelala mwezi mzima, zimeisha kabla maji hayajachemka kwenye jiko la mkaa. Namba yake nimeshaituma kwenye makundi sita mengine, na sijamaliza. Asiuze hata nyanya mji huu!

Nikamkumbatia Luyando, nikamwambia, mwanangu, yule mwizi tumemfukuza!

Akanitazama kwenye mwanga wa simu, akasema, "Mama, mimi bado nalala chini."