Nyumba ya Kuvisha Meza

Keko, Dar es Salaam

Dada yangu Eda,

Kamwene. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto wote, na Baba naye kifua chake kiwe kimetulia sasa baridi inapoanza kupungua. Mimi sijambo. Nakula, nalala, nafanya kazi. Joto la huku linanitoa jasho hata nikiwa nimekaa, na ukimsikia mtu wa Njombe anasema amelizoea, ujue anajikaza tu.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Dada, simu yako ni ya nyumba nzima. Ukipokea tu unaweka spika, Baba anasikia, shemeji anasikia, hata jirani aliyekuja kuomba chumvi naye anachangia. Na Nuru anakuwa hapo hapo. Haya ninayotaka kukueleza siwezi kuyasema mwanangu akisikiliza. Kuna mama mmoja wa kwetu anapanda basi kuja huko kumwona mgonjwa, yeye ndiye nitakayempa barua hii akukabidhi mkononi. Isome peke yako kwanza.

Ujumbe wako wa sauti niliupata. Ulisema nimwache Nuru kwako mpaka amalize darasa la saba, na niache kumwambia kila mwaka kwamba Januari anakuja Dar, maana mtoto anafungasha nguo zake kwenye mfuko halafu anazitoa mwenyewe. Nilinuna, Eda. Nilijisemea moyoni, huyu ana watoto wake wanne na bado anamtaka na wangu mmoja. Ndiyo maana nikakujibu vile kwa ukali, kwamba Januari hii umpakie kwenye basi, umkabidhi kwa kondakta, nitampokea stendi. Hujanijibu mpaka leo. Nakujua, ukikasirika unanyamaza na kuosha vyombo kwa kelele.

Sasa nikueleze kilichotokea tangu hapo.

Unajua kazi yangu ilivyo. Hapa Keko maseremala wamejipanga pembeni mwa barabara, vitanda na makabati yanashinda juani yakisubiri wateja. Mimi na cherehani yangu tuko kwenye baraza la fundi Mponda. Yeye anatengeneza mbao za makochi, mimi nashona vitambaa vya kuyavalisha. Mchana kuna randa, misumari, redio na ubishi wa mpira, huwezi kusema uko mwenyewe. Shida inaanza watu wakifunga kazi. Kila mmoja ana mtu anayemuuliza mbona umechelewa. Mimi naingia chumbani kwangu, kuna kitanda, jiko la gesi na kapu la vitambaa. Siku nyingine nasema “nimerudi” kwa sauti, halafu najiona mjinga.

Basi akaja mama mmoja wa Bunju, wa familia ya Kiarabu, mumewe ana duka la vifaa vya ujenzi. Wanamwita Mama Nasra. Alikuja kuagiza meza ya kulia chakula. Wakati fundi Mponda anampimia, akaanza kulalamika kuhusu wanawe. Alisema wanashinda chini ya meza ya zamani, wamening’iniza khanga zake na mashuka yake pande zote na kuyagandamiza kwa sahani juu ili yasianguke. Sahani zimekwisha kwa kuvunjika. Akatoa simu akanionyesha picha ya nyumba ya kitambaa. Unaishona kama nguo ya meza, juu paa, pembeni kuta zinazoshuka mpaka sakafuni, zina mlango na madirisha. Wakati wa chakula unaivua, mkimaliza kula unaivisha tena.

Fundi Mponda alicheka mpaka akaweka msumeno chini. “Na hii meza nayo inavaa gauni? Mie nimekaa Keko hii miaka yote sijaona.”

Nikamwambia makochi yake yanavaa kila siku na hajawahi kuyacheka. Kwa Mama Nasra nikasema kazi hiyo naiweza.

Nilimuuliza wanaocheza ni wakubwa kiasi gani. Akasema mwenye nyumba ni Nasra, ana miaka saba, wadogo zake wawili ni wapangaji tu. Akanyoosha mkono kunionyesha kimo chake, vidole vimesimama juu kama tunavyofanya sote kwa binadamu, maana mkono wa kulala ni wa kuonyeshea mbuzi. Na wewe unajua mkono wa hivyo hauna kipimo. Mtoto anaishia kwenye kiganja au kwenye ncha za vidole? Fundi mwenye akili angeomba kipimo kwa futi. Mimi nikamwambia, “Usihangaike mama, hata mie ninaye wa miaka saba. Nawajua.”

Nilishona Jumapili baada ya ibada, Keko ikiwa imetulia. Dada, sijui niseme nini, lakini sijafurahia kazi hivyo tangu nifike mjini huku. Paa nililifanya jekundu, kuta nikatumia kitambaa kizito cha pazia cha rangi ya maziwa. Mlangoni nikabandika kuku wa kitenge na vifaranga wake. Pembeni nikaweka mfuko mdogo wa kutia vitu vya siri, maana mtoto lazima awe na vitu vya siri. Nilipofika kwenye madirisha nikatandika mkeka, nikakaa chini. Unakumbuka Nuru alivyokuwa akikaa chini ya cherehani yangu huko nyumbani, akiokota vifungo? Macho yake yalikuwa yanafika sawasawa kwenye droo. Basi nikamweka pale pembeni yangu kwa mawazo, nikapiga chaki pale yalipokuwa macho yake, nikakata. Hata niliongea naye. Nilimwambia hapa utakuwa unawachungulia wageni, ukiwapenda unafungua pazia, usipowapenda unafunga.

Meza ilipokauka vanishi tukaipakia kwenye kirikuu. Dereva na fundi Mponda wakakaa mbele, mimi nyuma nikaishikilia meza isichubuke, nyumba yangu nimeikunja mapajani. Tulipita njia ndefu ya Bagamoyo mpaka Bunju, upepo unanipiga usoni, na nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Nilikuwa najiambia Januari nikimpokea Nuru nitamshonea ya kwake, hata kama meza yangu ni ile ya kuwekea jiko.

Walituwekea meza sebuleni. Nikaivisha. Eda, ilikaa. Pembe zote nne zilinyooka, kuta zikagusa sakafu bila kuburuzika. Mama Nasra alishika kifua. Wale wadogo wawili waliingia wakakaa, macho yao yakatokea dirishani, wakaanza kutuita hodi hodi wao walio ndani. Kila mtu akacheka. Kisha Nasra akaingia, akakaa.

Dirishani nikaona shingo. Shingo, na mkufu wa shanga. Kichwa hakikuonekana. Mtoto akajikunja, akainamisha kichwa mpaka akapata kuchungulia kama mtu anayekata tiketi kwenye kidirisha. Akaniangalia vizuri, akasema, “Anti, hii umeshonea watoto wadogo.”

Nikasema labda hajakaa vizuri. Akakaa vizuri. Nikasema labda ni mrefu kuliko wenzake. Mama yake akasema hapana, darasani wanamkalisha mbele kwa ufupi wake.

Niliomba wembe na uzi, nikaingia chini ya meza kufumua. Wale wadogo walitolewa, Nasra akabaki akinishikia pini. Nikamwambia akae wima, nikamsogelea, nikampima kwa futi kutoka sakafuni mpaka machoni. Nywele zake zilinukia mafuta ya nazi. Dada, tangu nije huku napima makochi. Nilikuwa nimesahau mtoto ukimpima anapumua, na anakuangalia. Nilipima mara ya pili kwa sababu sikutaka kukubali. Kati ya macho yake na macho niliyokata mimi, kiganja changu kizima kilipita.

Akaniuliza kama nina mtoto. Nikasema ninaye, wa umri wako. Akauliza yuko wapi, nikasema yuko Njombe kwa mama yake mkubwa. Akahesabu pini.

“Kwani mtoto wako ni mfupi hivi?”

Nikamwambia ukweli. “Sijui.”

Hakushangaa. Watoto wa huku wamezoea watu wazima kutojua vitu. Akanipa pini nyingine. Mimi ndiye niliyeshindwa kutunga uzi kwenye sindano, nikamwomba anitungie.

Nilifunga yale madirisha ya chini kwa vipande vya kitenge, yakawa kama maua, nikafungua mengine juu. Hakuna atakayejua palikuwa na kosa. Mama Nasra alinilipa vizuri bila neno, akanipa chai na vitumbua. Nadhani alitusikia, kwa sababu wakati naaga alinishika mkono, akasema, “Wanakua, dada. Hata sie tunaolala nao tunashtukia tu viatu vimebana.” Alisema kwa wema. Lakini nilirudi Keko nyuma ya kirikuu tupu nikilia, na fundi Mponda alijifanya haoni, nikamshukuru kwa hilo.

Nilipofika chumbani nikatoa gauni nililokuwa namshonea Nuru avae siku ya kushuka stendi. Nikalitandika kitandani. Ni gauni zuri, lakini ni la mtoto wa miaka minne. Niliyemwacha kwako alikuwa na miaka minne, na huyo ndiye ninayemshonea mpaka leo, ndiye ninayeongea naye, ndiye niliyesema apakiwe kwenye basi. Huyo hayupo tena, Eda. Na huyu aliyepo simjui. Picha unazonitumia huwa naangalia uso tu, nazivuta karibu nione kama amekonda. Akiletwa kwenye simu ananiamkia, ananiambia amekula, kisha tunasikilizana pumzi. Siku ile niliposikia anamwambia Baba “mama wa kwenye simu anapiga,” wewe ulicheka na mimi nilicheka. Mimi sikucheka kwa furaha.

Tena wewe anakuita Mama, na hilo liliniuma miaka hii yote. Sasa najiuliza, angekuita nani? Wewe ni mama yake mkubwa, jina ni lako kwa haki. Wewe ndiye unayejua viatu vimebana. Kumng’oa hapo nikamtia kwenye basi na kondakta, aje ashuke kwa mwanamke anayemjua kwa sauti tu, kwenye chumba kimoja, ni kumtenda vibaya. Mimi naujua upweke wa chumba hiki, na mimi ni mtu mzima.

Kwa hiyo usimpakie. Nimeyafuta yale maneno. Lakini na wewe usiniambie nimwache mpaka darasa la saba, hilo siliwezi. Nakuja mwenyewe. Nakuja Desemba, kabla ya sikukuu, nikae mpaka shule zifunguliwe. Unajua Desemba ndiyo wakati kila nyumba ya mjini inataka kochi livae upya, na ndiyo sababu sikukuu zote nilikuwa nasema sipati nafasi. Nimemwambia fundi Mponda atafute fundi mwingine wa cherehani kwa msimu huu. Alinung’unika siku nzima, akasema heri ningemuaga kwa kumpiga nyundo. Cherehani ameahidi kunitunzia. Baraza hakuahidi.

Siji kumchukua. Nakuja anione. Nitalala anapolala, nitachota maji naye, nitakusaidia kupanda viazi, na ukiniona nimekaa nimeduwaa namwangalia, usiniite. Tukifika Januari tutakaa wewe, mimi na yeye, tumuulize. Akisema anabaki, nitakubali. Nitalia nikifika Dar, sitalia mbele yake.

Nina ombi moja, dada, na tafadhali usilipuuze. Siku nitakayofika usimwambie anikimbilie. Usimsukume mgongoni ukisema huyu ndiye mama yako, mkumbatie. Mwache asimame nyuma ya sketi yako kama watoto wanavyofanya wageni wakija. Akiniamkia shikamoo ya mgeni, nitaitikia marahaba, nitavua viatu, nitaingia ndani.

Mpe Baba shikamoo yangu, mwambie namletea dawa ya kuchua aliyoiomba. Msalimie shemeji, na umshukuru kwa ada ya shule ya Nuru ambayo hajawahi kunitajia. Wasalimie watoto wako wote wanne, na yule jirani wa chumvi pia.

Nuru peke yake usimpe salamu. Zake nakuja nazo mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Upendo